Mlima Kenya wa Ubavuni

Mtu akirudi kutoka Mlima Kenya huulizwa neno moja: "Ulifika?" Hakuna haja ya kuongeza wapi, maana kila mtu ameshajua kwamba kufika ni kufika Lenana, mita 4,985, penye kibao cha kupigia picha. Aliyefika hupongezwa, na ambaye hakufika hupewa pole kama mtu aliyeibiwa njiani. Mimi nadai swali hilo limekosewa. Nadai kwamba kwa mwenye siku tatu, shanta moja mgongoni na hamu ya kuujua mlima wenyewe, njia iliyo bora ni ile isiyokaribia kilele kabisa: mzunguko mfupi wa upande wa mashariki, katika ukanda wa majani ulio juu ya msitu na chini ya majabali, unaoanzia na kuishia kwenye lango la Chogoria. Nadai pia kwamba mzunguko huo hufaa kufanywa bila kundi. Madai yote mawili yana wapinzani, na baadhi yao wana hoja nzito, kwa hiyo afadhali tuitazame ardhi kwanza, ubishi uje baadaye.

Lango la Chogoria liko kwenye mita 2,950 hivi, pale ambapo mianzi inaanza kuachia nafasi. Mtembeaji hulala hapo usiku wa kwanza ili mwili uzoee, kisha hupanda siku inayofuata hadi Ziwa Ellis, karibu mita 3,450, akipita kwenye miti ya erika iliyoning'inia ndevu za kijivu matawini. Kufika ziwani miti imekwisha. Iliyobaki ni mbuga ya majani ya vishungi, kila kishungi kimesimama peke yake kama kichuguu chenye nywele, na katikati yao maji yanatuama. Siku ya pili njia hushika bonde kuu la upande huo, bonde lenye kuta ndefu lililochimbwa na barafu ya zamani, mpaka Ziwa Michaelson, takriban mita 3,950, lililokaa chini ya jabali kama maji ndani ya bakuli. Siku ya tatu mtu huupanda ukuta wa bonde na kutokeza kwenye mgongo wenye vijiziwa vinavyoitwa Hall Tarns, kama mita 4,300, husimama kwenye ukingo uitwao Temple, ambapo ziwa la jana linaonekana mita 300 hivi chini ya nyayo zake, kisha huanza kuteremka na mgongo ule kurudi alikotoka. Ni siku ndefu kwa magoti, lakini si zaidi ya hapo. Vilele vinaonekana karibu muda wote, na hakuna hatua hata moja inayovielekea kwa nia ya kuvipanda.

Sasa hoja. Mlima huu una mambo mengi ambayo hayaonekani kwa kupanda moja kwa moja, kwa sababu yamepangwa kwa upana na si kwa urefu. Mfano ulio wazi ni lobelia. Katika ukanda huu zipo mbili kubwa. Moja, ambayo wanabotania huiita keniensis, hukaa kwenye mabonde yenye majimaji. Huwa na mashada kadhaa ya majani yaliyounganika kwenye shina moja lililojificha ardhini, na kila shada ni kikombe kinachohifadhi maji. Nyingine, telekii, hukaa kwenye miteremko mikavu yenye mawe, hutoa shada moja tu, na baada ya kukua polepole kwa miongo kadhaa huchomoza mkia mrefu wenye manyoya unaoweza kumzidi mtu kimo, huchanua mara hiyo moja, hutawanya mbegu, na hufa. Ni jamaa wa karibu na huishi mwendo wa dakika chache kutoka kwa mwenzake, lakini mmoja huzaa mara nyingi na mwingine mara moja katika maisha yake yote. Truman Young, mwanaikolojia wa Marekani aliyezichunguza lobelia hizi kwenye mlima huuhuu na kuchapisha matokeo yake katika miaka ya 1980, alieleza kwamba chanzo ni maji: kwenye mteremko mkavu, mmea unaosubiri kuzaa mara ya pili una nafasi kubwa ya kufa kabla ya siku hiyo kufika, kwa hiyo hulipa kila ulichonacho kwa mkupuo mmoja; bondeni, penye unyevu wa kudumu, kuna faida ya kujiwekea akiba.

Maelezo hayo unaweza kuyasoma kitabuni ukiwa Nairobi. Kuyaona ni jambo jingine, na ili uyaone ni lazima utoke bondeni upande mteremko, ushuke tena bondeni, urudie. Hivyo ndivyo mzunguko unavyofanya kila baada ya saa moja au mbili. Njia ya kilele haifanyi hivyo. Njia ya kilele huchagua mgongo au bonde moja na kung'ang'ania hapo, kwa kuwa kazi yake ni kuokoa nguvu. Kisha sehemu yake ya mwisho hufanywa usiku: watu huamshwa saa nane au saa tisa za usiku, hufunga taa kichwani, hutazama visigino vya aliyetangulia, na hufika juu jua likichomoza. Sidharau uzuri wa alfajiri ile. Nasema tu kwamba anayekwenda hivyo hupita kwenye ukanda wenye uhai wa ajabu kuliko wote barani humu akiwa ama gizani ama na kichwa kinachomuuma, na hilo ni gharama ambayo haihesabiwi.

Hata saa za siku zina mpangilio unaomtaka mtu akae. Mbotania wa Sweden, Olov Hedberg, aliyefika kwenye milima ya Afrika Mashariki mwaka 1948 na ndiye aliyepanga kanda za mimea yake kwa namna inayotumiwa hadi leo, alieleza hali ya hewa ya huku juu kuwa ni kiangazi kila mchana na kipupwe kila usiku. Mmea wa Ulaya hupewa miezi kadhaa kujiandaa kwa baridi. Mmea wa Mlima Kenya hupewa alasiri moja. Ndiyo maana senesio zile kubwa, zinazosimama kama watu waliovaa makoti, hazidondoshi majani yake makavu: hubaki yamelizunguka shina na kulizuia lisigande. Ndiyo maana lobelia ya bondeni hukunja majani yake jua likishuka, na maji ya kikombe chake huganda juu tu, tabaka dogo la barafu, huku chipukizi la ndani likibaki salama kwenye maji yasiyoganda. Ukipiga hema kando ya Ziwa Michaelson na kukaa saa zote kumi na mbili za usiku, unashuhudia jambo hilo kuanzia kufungwa hadi kufunguliwa. Asubuhi ndege chozi mwenye vishungi vyekundu kifuani huja kwenye mikia ya lobelia kutafuta asali na wadudu, pimbi hutoka kuota jua kwenye mawe, na kufikia saa sita mchana wingu limeshapanda kutoka misituni na kufunika kila kitu. Ratiba hiyo ni ya mlima. Ya kileleni ni ya binadamu.

Wanaopinga huanza na historia: milima hupandwa, na sifa za mlima huu zimeandikwa na waliofika juu. Naam, Halford Mackinder alifika kilele cha Batian mwaka 1899 pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel, na heshima yao wanastahili. Lakini tazama nani alituachia nini. Sámuel Teleki, yule kabaila tajiri wa Hungaria, alipanda mwaka 1887 akaishia kwenye ukanda wa juu bila kukaribia ncha, na leo jina lake limo katika lobelia ile ya miteremko mikavu. John Walter Gregory alikuja mwaka 1893, akashindwa kufika kileleni, na kushindwa huko kulimpa wasaa wa kuzitazama kanda za mimea na alama zilizoachwa na barafu iliyowahi kushuka mbali zaidi kuliko ya wakati wake. Maarifa ya awali kuhusu mlima, kwa sehemu kubwa, ni ya watu ambao kwa kipimo cha "Ulifika?" hawakufika. Na tukirudi nyuma zaidi, kwa wenyeji waliokuwa wakigeuza nyuso kuelekea Kirinyaga wakati wa kusali, au Kirimara kwa wale wa upande wa Meru, hatuoni dalili kwamba ukaribu na mlima ulipimwa kwa kukanyaga ncha yake. Hata Kenyatta alipokiita kitabu chake cha mwaka 1938 Facing Mount Kenya, neno alilolichagua lilikuwa la kuukabili.

Kuna jibu zito zaidi kutoka upande huo, nalo ni Kisoi Munyao. Usiku wa uhuru, Desemba 1963, bendera ya Kenya ilipopandishwa uwanjani Nairobi, yeye alikuwa juu kule Lenana akipandisha nyingine. Hapo kilele kilikuwa na maana ambayo mbuga ya majani isingeweza kuibeba, na sina la kubishana nalo. Ila tofauti ni kwamba Munyao alipeleka kitu juu kwa niaba ya nchi nzima. Mgeni wa leo kwa kawaida hupeleka simu. Kuna pia habari ya barafu yenyewe. Wachunguzi waliopima barafu ya Lewis, iliyo kubwa kuliko zote mlimani, walikuta kwamba kati ya 1934 na 2010 ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake. Kinachomvuta mtu juu, ile picha ya theluji kwenye ikweta, kinaondoka. Ukanda wa majani nao unabadilika, moto ukiwa adui wake mkubwa nyakati za kiangazi, lakini bado upo, na bado unafanya kazi yake.

Hoja ya upweke ni ngumu zaidi, na sitaipitia haraka. Utaratibu wa hifadhi haumruhusu mtu kuingia mlimani peke yake pasipo mwenzake wala mwongozaji, na naona utaratibu huo una haki. Kwenye erika za chini kuna nyati na ndovu. Wingu la mchana huifuta njia ndani ya dakika chache, na ule ukingo wa Temple hauna uzio. Zaidi ya yote kuna ugonjwa wa mwinuko, ambao una ujanja mmoja mbaya: ukifika kichwani, wa kwanza kuupata ndiye wa mwisho kuutambua, kwa sababu kiungo kinachopaswa kuutambua ndicho kilichoshikwa. Mtu anayeyumba hajui kwamba anayumba. Anahitaji macho ya mwingine. Kwa hiyo ninaposema bila kundi, simaanishi bila mtu. Namaanisha msafiri mmoja, mwongozaji mmoja anayeijua njia, shanta mbili na hema mbili. Atakayesema hiyo si safari ya peke yake ana haki ya kulibana neno hivyo, ila kwa Kiswahili naona tunajua kwamba mtu anaweza kuwa na mwenyeji wake na bado akawa peke yake na safari yake.

Kwa nini basi nisikubali kundi la watu kumi, kama usalama ndio msingi? Kwa sababu usalama wenyewe unakataa. Kanuni inayofuatwa na madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 hivi kwa siku. Hesabu mzunguko wetu: langoni 2,950, Ellis 3,450, Michaelson 3,950. Kama vile mtu aliupima kwa kamba. Sasa hesabu ratiba ya haraka ya kilele kwa njia ya Sirimon: usiku mmoja Old Moses kwenye mita 3,300, unaofuata Shipton's kwenye 4,200, na saa chache baadaye watu wako njiani kwenda 4,985. Si ajabu kwamba mlima huu, wenye barabara zinazomwachia mtu juu kabisa kabla hajapumua vizuri, una sifa mbaya ya watu kujaa maji mapafuni. Kundi huongeza tatizo. Ratiba imeshalipiwa, watu tisa wako tayari, na wa kumi mwenye kichwa kinachogonga hunyamaza ili asiwe mzigo. Aliye peke yake na mwongozaji wake hana wa kumwonea haya. Akisema leo tulale hapahapa, wanalala hapahapa. Na kwa kuwa njia ni duara lisilo na kilele, hakuna kitu kilichopotea kwa kulala hapahapa.

Wapo watakaonirudisha kwenye methali: mtembezi hula miguu yake. Kutembea siku tatu na kurudi mlangoni ulikotokea, mkono mtupu, bila hata picha ya kibao, ni kazi ya mtu asiye na kazi. Pingamizi hilo nalipenda kuliko mengine kwa sababu linatoka nyumbani. Lakini anayekwenda kukagua mizinga yake msituni hufanya duara, na mchungaji hufanya duara kila siku ya Mungu. Duara ni umbo la kazi ya kuangalia. Safari iliyonyooka kwenda juu na kushuka kwa njia ileile ndiyo tuliyofundishwa na wageni, na tumeizoea kiasi kwamba tunaiona ya asili.

Lipo moja ambalo silijibu kikamilifu, nalo ni miguu yenyewe. Ukiwasifia watu mbuga, watakuja mbugani, na mbuga hii haivumilii. Usiku maji yaliyo kwenye udongo huganda na kuwa sindano za barafu zinazoinua chembe za juu. Mchana huyeyuka na udongo unaanguka tena. Mche ulioanza kushika mizizi hung'olewa hivyo kila usiku bila mtu kuugusa. Penye majani ya kuufunika udongo, jambo hilo hupungua. Buti zikishayaua majani, jeraha hujichimba lenyewe na kupanuka, na ndiyo sababu njia nyingine za mlimani zimekuwa mifereji ya matope ambayo kila anayekuja huikwepa kwa kukanyaga pembeni, akiipanua zaidi. Ninachoweza kusema ni kwamba watu wawili wanaokubali kulowa viatu na kupita katikati ya matope huharibu kidogo kuliko kumi na wapagazi wao wanaopanga hema kumi kandokando ya ziwa moja. Kama siku moja wingi wa watu Michaelson utalingana na wa Shipton's, basi hoja yangu itakuwa imejila, na itafaa lango liweke idadi.

Kuhusu riziki ya wapagazi na waongozaji, ambayo hutajwa kana kwamba inategemea kilele, inatosha kukumbuka kwamba wao hulipwa kwa siku, na ada ya hifadhi nayo huhesabiwa kwa siku. Mita haziingii kwenye mkataba. Mji wa Chogoria hautapata hasara mtu akila siku zake tatu kwenye majani.

Kilichobaki ni maji, na hapo ndipo naona kilele kinashindwa waziwazi. Tumezoea kusema mito ya Mlima Kenya inatoka kwenye barafu, na hilo ni kweli kwa kadiri ndogo sana. Maji mengi ni ya mvua na ukungu unaonaswa na msitu pamoja na mbuga hizi za vishungi, yakashikwa kwenye udongo mweusi na kuachiwa polepole. Upande wa mashariki, unaopigwa na pepo za baharini, ndio unaopata mvua nyingi. Ukisimama siku ya pili kwenye mdomo wa bonde, chini ya Ziwa Michaelson, mto Nithi ni kitu cha kuruka kwa hatua moja, baridi kiasi cha kuuma meno. Chini kidogo unaporomoka kwenye maporomoko ya Vivienne, unaingia msituni, unapita chini ya mashamba ya chai na kahawa, unaungana na Mutonga kwenye joto la Tharaka, na Mutonga unauingia Tana pale ambapo mabwawa yote makubwa ya umeme yameshabaki nyuma. Kutoka hapo hakuna cha kuuzuia. Unapita Garissa, unapita mashamba ya Wapokomo, na unaingia Bahari ya Hindi karibu na Kipini, ambako maji hugeuka rangi ya kahawia mvua zikinyesha bara, na wavuvi hawahitaji kuuliza imenyesha wapi.